Hoteli ya Kulala Kabla ya Kupanda Meli: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 1912, Bruce Ismay, mkuu wa kampuni iliyomiliki Titanic, alilala South Western Hotel mjini Southampton. Hoteli ilipakana na stesheni ya reli, na stesheni ilikuwa jirani na magati. Treni, kitanda na meli vyote vilikuwa mtaa mmoja. Asubuhi ukimaliza chai, meli hiyo hapo.

Jengo lile lipo hadi leo, ila sasa ni makazi ya watu, na meli nyingi za kitalii zimehamia kwingine. Meli inayobeba abiria elfu tatu au elfu tano inataka maji ya kina, uwanja wa mabasi na maghala ya mizigo, hivyo vituo vingi vya abiria viko pembeni mwa mji, nyuma ya malori na makontena. Matangazo ya hoteli yameendelea kuandika "karibu na bandari" kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo hoteli ya namna hii ichague kwa kuitazama asubuhi yake. Usiku wenyewe ni mfupi, na kitanda safi hakikosekani. Kinachokosekana ni njia nyepesi ya kutoka kitandani hadi kwenye ngazi ya meli, ukiwa na masanduku, watoto na hati zako, ndani ya saa uliyopangiwa.

Hatua ya 1: Soma tiketi mpaka ufike kwenye jina la kituo

Usifungue tovuti yoyote ya hoteli kabla ya hapa. Jina la mji linalotumika kuuzia safari mara nyingi ni chambo tu. Safari ya "Roma" huanzia Civitavecchia, kilomita 70 na zaidi kutoka katikati ya jiji. Ya "Paris" huanzia Le Havre, karibu kilomita 200. Ya "London" mara nyingi ni Southampton, pengine Dover au Tilbury. "Bangkok" kwa meli kubwa ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100. "Tokyo" inaweza kuwa Yokohama, na "Orlando" ni Port Canaveral, ambako hakuna anayefika kwa miguu kutoka Orlando.

Hata ukishaujua mji, bado hujamaliza. New York ina sehemu tatu za kupandia: Manhattan, Red Hook kule Brooklyn, na Cape Liberty iliyoko Bayonne, ambayo kwa kweli ni jimbo jingine, New Jersey. Southampton ina vituo vitano: Ocean na Queen Elizabeth II upande wa mashariki, City, Mayflower na Horizon upande wa magharibi. Sydney ina Circular Quay, pale jirani na Opera House, na White Bay, ng'ambo ya daraja, kwa meli ambazo kimo chake kinaruhusu kupita chini ya daraja hilo. Singapore ina Marina Bay na HarbourFront. Huko Florida, Miami na Fort Lauderdale ziko umbali wa kilomita 40 na kitu, na kila msimu wapo wanaolala mji mmoja huku meli yao iko mji mwingine.

Andika mambo manne kwenye karatasi: jina la bandari, jina la kituo (na namba ya gati kama ipo), muda wako wa kupanda, na saa ya mwisho ya kupokelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huichanganya na saa ya kung'oa nanga. Kampuni nyingi hufunga milango dakika 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka. Nchini Marekani kuna sababu ya kisheria: orodha ya mwisho ya abiria lazima iwe imefika kwa mamlaka za mipaka angalau dakika 60 kabla. Meli ikiwa bado imefungwa kamba gatini na wewe umesimama unaitazama, haisaidii kitu.

Na saa hizo zisome kwa makini. Tiketi itaandika 16:00, nasi kichwani tunasema saa kumi jioni; itaandika 11:30, nasi tunasema saa tano na nusu. Nimewahi kuandika "saa 11" kwenye ujumbe wa familia nikimaanisha muda wa tiketi, na shangazi akajiandaa kwa jioni. Tangu hapo naandika vyote viwili.

Hatua ya 2: Amua utafika siku gani

Kufika siku ileile ya safari ni kamari. Ndege ikichelewa saa nne, meli haikungoji, na kuifuata bandari ya pili hugharimu nauli, hoteli na wakati mwingine viza ambayo huna. Fika siku moja kabla, hiyo iwe kima cha chini. Kama unavuka bahari au unabadilisha ndege mara mbili, fika siku mbili kabla. Usiku ule wa ziada ni kwa ajili ya sanduku: likikosa kuunganisha ndege, mara nyingi huletwa kesho yake, na ukiwa bado hotelini litakukuta. Ukiwa baharini, litakuwa linakukimbiza bandari kwa bandari.

Hapohapo angalia viza. Kulala hotelini usiku mmoja maana yake umeingia nchi hiyo rasmi, tofauti na abiria anayepita tu uwanja wa ndege. Na kama meli inaondoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), inagusa nchi ya nje na kurudi tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Kisha angalia nini kinatokea mjini tarehe hizo. Southampton mwezi Septemba kuna maonyesho ya boti, na vyumba hukauka. Barcelona ina mkutano mkubwa wa simu za mkononi mwishoni mwa majira ya baridi, na bei hupaa. Port Canaveral ni jirani na vituo vya kurushia roketi. Siku ya kurusha, barabara na hoteli hujaa watazamaji. Hata mbio za marathoni zinaweza kufunga barabara ile unayoitegemea Jumapili asubuhi.

Hatua ya 3: Chagua eneo kabla ya kuchagua jengo

Kuna maeneo matatu ya kufikiria, na kila moja lina watu wake.

Karibu na uwanja wa ndege: kunamfaa anayetua usiku wa manane au anayesafiri na mtoto aliyechoka. Unalala haraka, lakini asubuhi unakutana na safari yote ya kwenda bandarini pamoja na msongamano wa watu waendao kazini. Fort Lauderdale ni kighairi kizuri: uwanja wa ndege na bandari ya Port Everglades vimekaribiana kiasi kwamba hoteli moja inahudumia vyote viwili.

Katikati ya mji: hapa ndipo ninapolala mimi nikiwa na hiari. Kuna teksi saa yoyote, maduka ya dawa, mahali pa kula bila kulazimika kula hotelini, na kama umefika mapema una kitu cha kutazama. Likiharibika jambo moja, kuna njia nyingine tatu.

Bandarini kwenyewe: panavutia kwenye picha kwa sababu dirishani unaiona meli. Mahali pachache panastahili sifa hiyo. Vancouver, kwa mfano, ina hoteli juu ya kituo chenyewe cha Canada Place, na unashuka kwa lifti. Lakini bandari nyingi zimezungukwa na maghala, na jioni hakuna hata pa kununua maji. Halafu kuona meli na kuifikia ni vitu viwili. PortMiami iko kisiwani. Hoteli za ufukweni mwa mji zinaitazama ana kwa ana, ila ili ufike unavuka daraja, au handaki lililofunguliwa mwaka 2014.

Pale ambapo bandari iko mbali na jiji maarufu, kama Civitavecchia na Roma, gawanya: kaa Roma kwanza kama unapenda, kisha usiku wa mwisho hamia Civitavecchia. Ni kufungasha mara mbili, kweli. Lakini mgomo wa treni ukitangazwa asubuhi, wewe tayari uko upande unaotakiwa.

Hatua ya 4: Pima asubuhi, usipime kilomita

Hii ndiyo hatua inayoamua, nayo inafanyika ukiwa nyumbani na simu mkononi.

Weka kwenye ramani jina kamili la kituo, usiandike tu "bandari ya mji fulani". Ukiandika bandari, ramani itakupeleka popote ilipoamua kuchomeka alama, pengine ofisi za mamlaka ya bandari au lango la mizigo. Niliponzwa na hilo kwenye bandari moja ya Mediterania. Hoteli iliandika "dakika tano kutoka bandarini", na kweli zilikuwa tano, mpaka lango la malori. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akayatazama masanduku yetu, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kule tulikotoka. Tulizunguka ukuta ule kwa karibu saa nzima, gurudumu moja la sanduku likabaki kwenye mawe ya barabara, nami nikalibeba sanduku begani kama gunia la mkaa.

Ukishapata kituo sahihi, panga safari kwenye ramani kwa siku na saa ileile utakayoondoka: kama unapanda Jumamosi saa sita mchana, tazama Jumamosi ya kawaida saa tano na nusu. Kisha fungua picha za mtaani na uifuate njia kwa macho. Tafuta ngazi, madaraja, barabara zisizo na njia ya miguu, mawe yaliyopangwa kizamani. Huko Barcelona, vituo vingi viko kwenye gati la Moll Adossat, na ili ufike unavuka daraja la Porta d'Europa linaloinuka kupisha vyombo. Kwenye ramani panaonekana karibu na mji. Ukiwa na masanduku mawili juani, chukua teksi au basi la bandari.

Kanuni yangu ya kutembea kwa miguu: kama ni zaidi ya dakika kumi bila mizigo, hesabu kuwa haitembeleki ukiwa na mizigo. Na mkiwa na mzee au mtoto mdogo, dakika tano.

Hatua ya 5: Lihoji basi la hoteli

Maneno "usafiri wa bandarini upo" yameuza vyumba vingi kuliko godoro lolote. Neno "upo" hapo halisemi ni bure, halisemi ni saa ngapi, wala halisemi kwamba nafasi yako ipo.

Tufanye hesabu. Basi dogo lina viti 14, lakini mabegi yanakula safu ya nyuma, kwa hiyo linabeba watu kumi. Kupakia, kwenda, kushusha na kurudi: dakika 40. Asubuhi hiyo hoteli ina wageni 60 wa meli. Hizo ni safari sita, na kundi la sita litaondoka saa tatu na dakika 20 baada ya kundi la kwanza. Kama basi limeanza saa nne asubuhi, wa mwisho wanatoka saa saba na dakika 20 mchana, ikiwa dereva hajasimama kujaza mafuta. Ndiyo maana kwenye mapokezi ya hoteli hizi asubuhi utaona watu wamekaa juu ya masanduku, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mpinzani.

Iandikie hoteli barua pepe, usipige simu. Jibu la maandishi utalionyesha mapokezi. Uliza hivi: Basi linakwenda kituo gani kwa jina? Linaondoka saa ngapi, na la mwisho ni saa ngapi? Nafasi inawekwa mapema au wa kwanza kufika ndiye apandaye? Naweza kuandikwa leo? Ni kiasi gani kwa kila mtu, na ni kwa kwenda tu au kwenda na kurudi? Kuna kikomo cha mabegi? Siku hiyo kuna meli ngapi bandarini? Hilo swali la mwisho linawashangaza, ila mtu wa mapokezi aliyezoea bandari atakujibu papo hapo, na hapo utajua unaongea na hoteli inayoijua kazi hii.

Ukipata majibu ya kukwepa, lichukulie basi hilo kama halipo na ubajeti teksi. Watu wanne wakichangia teksi moja mara nyingi hulipa sawasawa na basi, na wanaondoka saa wanayotaka.

Hatua ya 6: Chumba chenyewe

Hapa usitumie muda mwingi. Lifti iwepo, na iwe inafanya kazi. Soma maoni ya miezi mitatu ya karibuni. Kiyoyozi au joto kulingana na msimu. Omba chumba kisichotazama barabara, kwa sababu bandari hazilali na malori huanza kazi alfajiri. Idadi ya nyota isikutie wazimu: hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima, kila nchi ina chake.

Linalohitaji umakini ni saa. Hoteli nyingi hutaka utoke kati ya saa tano asubuhi na saa sita mchana. Muda wako wa kupanda ukiwa saa tisa alasiri, utakaa wapi? Uliza kama wanatunza mizigo baada ya kutoka, na kama kuna sebule ya kungojea. Kifungua kinywa kinaanza saa ngapi wikendi? Na mkiwa watano, hakikisha chumba kinaruhusu watano. Hoteli hukataa mgeni wa ziada mlangoni, usiku, mkiwa mmechoka.

Hatua ya 7: Jumlisha mpaka ngazi ya meli

Bei ya chumba ni mwanzo wa hesabu tu. Chukua mfano wa watu wawili, kwa fedha yoyote ile. Hoteli ya kwanza, mbali kidogo: chumba 80, kodi ya jiji 8, kifungua kinywa 30, teksi kutoka uwanja wa ndege 40, teksi ya bandarini 30. Jumla 188. Hoteli ya pili, katikati ya mji: chumba 120 pamoja na kifungua kinywa, kodi 8, treni ya watu wawili 10, teksi fupi 15. Jumla 153. Ile iliyoonekana rahisi imekuzidi kwa 35, na imekula saa mbili zako.

Kodi ya jiji, inayotozwa kwenye miji mingi ya Ulaya, mara nyingi hulipwa mapokezi na haimo kwenye bei uliyoona. Hoteli pia huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana, na kiasi hicho kinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Kama kadi hiyohiyo ndiyo unayoitegemea melini, leta nyingine.

Wanaokuja na gari wana hesabu yao. Hoteli nyingi za bandarini huuza chumba pamoja na maegesho ya siku zote za safari. Ni mpango mzuri, mradi uulize: gari linabaki hapa au linapelekwa uwanja mwingine? Nani anashika funguo? Siku za maegesho zinahesabiwaje, na meli ikichelewa kurudi?

Hatua ya 8: Weka nafasi, kisha irudie

Chagua bei inayoruhusu kughairi bure hadi siku moja au mbili kabla, hata kama imezidi kidogo. Bandari hubadilishwa. Tangu Agosti 2021 meli kubwa zilipigwa marufuku kupita mfereji wa Giudecca mjini Venice, na safari zilizouzwa kwa jina la Venice zikaanza kutumia Marghera, Ravenna hata Trieste. Aliyelipia chumba kisichorudishiwa pesa alibaki nacho.

Ukishaweka nafasi, tia alarmu mbili kwenye simu: mwezi mmoja kabla, ulinganishe bei; na wiki moja kabla, uhakikishe kituo hakijabadilika na hoteli bado inakutambua. Kama utafika usiku sana waarifu, maana chumba cha mtu asiyetokea huweza kuuzwa.

Kampuni ya meli nayo itakuuzia hoteli pamoja na usafiri hadi gatini. Kwa kawaida ni ghali kuliko kujipangia, lakini kwa anayesafiri mara ya kwanza katika bandari ngumu kama Civitavecchia au Laem Chabang, na hasa akiwa na wazee, sioni aibu kuilipia.

Jioni ya mwisho na asubuhi

Funga lebo za meli kwenye masanduku ukiwa hotelini, zikiwa zimechapishwa tangu nyumbani. Usitegemee printa ya mapokezi siku ambayo wageni wote wanaitaka. Sanduku utakalomkabidhi mpagazi bandarini laweza kufika chumbani mwako melini jioni kabisa, kwa hiyo dawa, pasipoti, miwani, chaja na nguo ya kubadili vikae kwenye begi la mkononi. Fungua sefu ya chumba kabla hujalala. Waliosahau pasipoti humo ni wengi. Mbinu yangu ni kuweka humo kiatu kimoja pamoja nazo.

Asubuhi lipa bili mapema, kabla foleni haijajengeka. Agiza teksi kupitia mapokezi saa moja kabla ya muda unaotaka kuondoka, na ikija, mwonyeshe dereva maandishi yenye jina la kituo na jina la meli, yaliyoandikwa kwa lugha yake na mtu wa mapokezi. Ukimwambia "bandarini" atakupeleka bandarini.